Shangazi Anajibu: Chungu Kimoja, Walaji Saba

SWALI: Shikamoo Shangazi. Ninaishi Kimara, Dar es Salaam, pamoja na mume wangu, watoto wetu watatu wenye umri wa miaka 13, 8 na 3, mama mkwe wangu, na binti anayetusaidia kazi za nyumbani. Mimi ninauza katika duka la vitambaa Kariakoo, na mume wangu ni fundi wa magari. Binti hupika chakula cha usiku saa kumi na moja jioni na kukiweka kwenye hotpoti, kisha kila mtu hula kwa saa yake: mama mkwe saa kumi na mbili kwa sababu ya dawa zake za kisukari, mtoto mkubwa saa moja na nusu akitoka tuisheni, mimi saa mbili na nusu, na mume wangu saa tatu na nusu au zaidi. Nilijaribu kuwasubirisha wote ili tule pamoja, lakini mdogo alilala sakafuni akiwa bado ameshika tonge la ugali, nami nikalia. Wali unatupwa, maharage yanachacha kabla hakujakucha, na mama mkwe husema kwamba enzi zao mume hakuwekewa chakula kilicholala. Saa kumi na moja na nusu alfajiri sote tunakuwa macho, kila mtu anakunywa chai yake amesimama, na tunaagana hivyo hivyo. Nifanye nini ili nyumba yangu iwe na mlo wa pamoja?
*Mama wa watatu, Kimara*

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kabla sijasema lolote kuhusu chungu naomba nikuondoe kwanza katika lawama uliyojitwisha, kwa maana kilio chako cha siku ile hakikutokana na uvivu wala upungufu wa malezi. Ulikuwa unaitafuta saa ambayo katika ratiba ya nyumba yako haipo. Mtoto wa miaka mitatu ana tumbo dogo, na akiwa amekula mchana saa saba hawezi kungoja hadi saa tatu usiku bila kukasirika, kusinzia au kushiba biskuti. Mama mkwe wako naye asingojeshwe hata siku moja, kwa kuwa mtu anayetumia dawa za kisukari akimeza dawa kisha akachelewa kula, sukari inaweza kumshuka ghafla hata akaanguka. Kwa hiyo bibi na wajukuu wawili wadogo wale saa kumi na mbili, wakiwa wameketi pamoja, na binti aketi nao badala ya kula peke yake jikoni baada ya wote. Hao tayari ni watu wanne mkekani, na mkeka wenye watu wanne si mkeka mtupu. Mimi nilikulia Tanga, na sisi watoto tulikuwa na sinia letu ambalo lilitangulia kutoka jikoni. Hakuna aliyeona kwamba wazazi wetu wametutupa kwa kuwa wao walikula baadaye.

Sasa nije kwenye hotpoti, ambayo nadhani ndiyo inayokutia hasara. Chombo hiki hakipashi chakula moto. Kazi yake ni kuchelewesha joto lisitoke, na kila kinapofunguliwa ili mtu apakue, joto linaondoka na mvuke. Chakula cha moto huwa salama kikibaki juu ya nyuzijoto 60. Chako kinawekwa saa kumi na moja, kinafunguliwa mara tatu, na kufikia saa tatu na nusu kimekuwa vuguvugu, hali ambayo vijidudu huipenda kuliko zote. Wali unahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu unabeba vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu kwa saa kadhaa mbegu hizo huamka, huzaliana na kuacha sumu ambayo hata ukiupasha wali moto upya haiondoki. Mtu akiamka anatapika husema amelishwa kitu kibaya mtaani, kumbe ni wali wa nyumbani kwake mwenyewe.

Mwambie binti afanye hivi. Sufuria ikiipuliwa, sehemu ya wanaokula mapema ipakuliwe, na sehemu yenu ninyi watatu mnaochelewa itolewe papo hapo. Wali utandazwe kwenye sinia pana, usirundikwe, mvuke utoke huku kawa likiwa juu yake kuzuia nzi, na ukishapoa uingizwe kwenye friji ndani ya vyombo vifupi, kabla ya muda wa saa mbili kupita tangu uipuliwe. Ukifika nyumbani, unachukua sehemu yako, unanyunyizia maji kidogo, unafunika sufuria na kupasha mpaka mvuke utoke kwa nguvu na wali uwe wa moto hadi katikati. Kilichopashwa kisirudishwe tena kwenye friji.

Maharage yanachacha kwa sababu, nadhani, binti anayaunga yote kwa tui la nazi tangu siku ya kwanza. Tui ni tamu lakini halina subira, hasa kwa joto la Dar es Salaam. Chemsha maharage ya siku tatu kwa mara moja, kisha uunge kiasi cha siku hiyo tu. Yaliyobaki yakae kwenye friji yakiwa hayana nazi wala nyanya. Jumatatu utayaunga kwa nazi, Jumanne kwa vitunguu, nyanya na karoti, Jumatano yanaingia kwenye makande na mahindi yaliyokobolewa. Hapo jikoni mmechemsha mara moja, na walaji wamekula mboga tatu tofauti. Mchicha na matembele, kwa upande wake, havihitaji ujanja wowote. Vipikwe siku ileile, kwa dakika chache.

Kuhusu maneno ya mama mkwe, mwanangu, usiyajibu kwa maneno. Anachokikumbuka ni cha kweli, ila katika kumbukumbu hiyo palikuwa na mikono mingi: wifi anakuna nazi, binamu anatwanga, jirani anachambua mchele barazani huku akitoa habari za mtaa. Wewe una mikono ya binti mmoja. Mwombe mama akushike mkono kwa jambo ambalo heshima yake inalingana nalo. Mkabidhi stoo, aamue yeye Jumapili mchele na maharage ya wiki yatoke kiasi gani, na wajukuu wakae naye kuchambua mchele kwenye ungo. Nimeona nyumba zaidi ya moja ambamo bibi aliyekuwa akilalamikia chakula alianza kukitetea siku alipoanza kukipangia.

Nimeuacha mwisho mstari mmoja wa barua yako ambao wewe umeupita haraka. Umesema saa kumi na moja na nusu alfajiri nyote mko macho. Mwanangu, mlo wa pamoja unaoutafuta usiku uko hapo! Huo ndio wakati pekee ambapo watu saba wa nyumba hiyo wako chini ya paa moja, hawajachoka, na hakuna anayesubiriwa. Mmekuwa mkiutumia mkiwa mmesimama, kila mmoja na kikombe chake, mmoja akitafuta soksi na mwingine akitafuta funguo. Sare, viatu na mabegi viandaliwe usiku, muamke robo saa mapema, mtandike mkeka, muweke chupa ya chai katikati na sahani moja kubwa ya viazi vitamu au mihogo iliyochemshwa tangu jana na kupashwa, na mayai ya kuchemsha siku yanapopatikana. Robo saa inatosha kwa mume wako kusimulia gari lililomchelewesha jana, na kwa mtoto wa miaka minane kusema kwamba daftari la hisabati limejaa, habari ambayo kwa sasa nadhani huwa unaipata mlangoni. Mdogo apewe uji au maziwa badala ya chai, kwa kuwa majani ya chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika mboga na nafaka. Kwa sababu hiyohiyo, ninyi wakubwa msiteremshie maharage ya usiku kwa chai. Teremsheni kwa maji, na baadaye mle chungwa, ambalo huusaidia mwili kuyapata madini hayo.

Anza Jumatatu ijayo, na usiwatangazie kwamba ni utaratibu mpya. Tandika mkeka tu.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni baba wa watoto wawili hapa Mwanza. Mke wangu ni muuguzi na wiki nyingine huwa zamu ya usiku, kwa hiyo chakula cha jioni ninapika mimi. Maharage yananimalizia gesi, na watoto wakiona sufuria wanajua ni yaleyale. Baadhi ya majirani hucheka wakiniona nimeshika mwiko. Nisaidie.
*Baba mpishi, Mwanza*

JIBU: Marahaba baba. Nianze na majirani ili tuwamalize. Katika harusi za pwani pilau la mamia ya watu hupikwa na wanaume, wakiwa wamesimama kwenye masufuria ambayo mtoto anaweza kujificha ndani yake, na hakuna mgeni anayecheka anapopakuliwa. Endelea na mwiko wako, na kijana wako akuone.

Gesi inaisha kwa sababu maharage makavu yanatumia moto kunywa maji ambayo yangeweza kuyanywa bure usiku. Yaloweke jioni katika maji mengi, asubuhi umwage maji hayo, na ukiyabandika kwa maji mapya utaona muda wa kuiva umepungua sana, na tumbo pia halitajaa gesi kama zamani. Yachemke kwa nguvu kwa nusu saa, kisha ufunike sufuria barabara, uifunge kwa taulo na kuiingiza kwenye kapu lililojazwa blanketi au nguo nzee, na uliache lifunikwe kwa saa tatu au nne bila kuchungulia. Joto lililomo ndani litamalizia kazi, nawe utayachemsha tena kidogo kabla ya kuyaunga. Angalizo langu ni moja: usiruke ile hatua ya kuchemsha kwa nguvu, hasa kwa maharage mekundu, kwa sababu yakiwa mabichi yana sumu ya asili inayotapisha, na joto la chini pekee haliiondoi. Yanahitaji angalau dakika 10 za kutokota kwelikweli.

Kama umeme kwenu ni wa uhakika, jiko la presha la umeme litakulipa baada ya muda, kwani sufuria ya maharage huiva humo kwa chini ya uniti moja. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga kuwafikishia asilimia 80 ya Watanzania nishati hiyo ifikapo mwaka 2034, na mimi ninauunga mkono kwa moyo wote kwa sababu ya macho na mapafu ya wanawake wetu. Lakini nyumba nyingi bado zina gesi ya chai na mkaa wa maharage, na mpaka maharage yatakapoacha kutisha mtungi, gunia la mkaa halitatoka uani.

Watoto kuchoka ni jambo la haki, nawe unaishi kando ya ziwa. Chukua dagaa wakavu, uwaoshe kwa maji ya uvuguvugu mara tatu mpaka usisikie mchanga ukikwaruza chini ya bakuli, uwachuje na kuwakaanga mpaka wakakamae, halafu utie kitunguu, nyanya na limau mwishoni. Dakika 20 hazifiki, nao huliwa na mifupa yake, ambayo ni kalsiamu kwa mtoto anayekua. Usiku ambao mama yuko zamu, mtengee sehemu yake kabla hamjala, si baada. Mtu anayerudi alfajiri akikuta chakula kilichotengwa anajua alikumbukwa; akikuta kilichobaki anajua hilo pia.

SWALI: Shangazi, salaamu kutoka Mombasa. Nalea mjukuu wa miaka minne mamake akiwa kazini. Hali chakula ila awekewe katuni kwenye simu. Ukiizima, anafunga mdomo. Nifanyeje?
*Nyanya, Mombasa*

JIBU: Wa salaamu, dada yangu. Mtoto anayelishwa huku anatazama simu hajui anachokila wala kwamba ameshiba. Anafungua mdomo kwa mazoea tu. Usimnyang'anye kwa ugomvi. Ondoa kwanza biskuti na soda za kabla ya chakula, ili afike mezani akiwa na njaa. Halafu anza na mlo mmoja tu kwa siku, ule mnaokula pamoja nawe, na simu yako pia ikae chumbani, kwa sababu anatazama unachofanya wewe. Mpe nusu saa. Asipokula, ondoa sahani bila kufoka na bila kumpa kitu kingine mpaka mlo unaofuata. Siku mbili za kwanza zitakuwa ngumu kwako kuliko kwake.

Jumamosi, ukiumua unga wa mahamri, mkatie donge lake dogo alisukume mwenyewe, likatoke pembe tatu au pembe saba, na ulikaange hivyo lilivyo. Liweke kwenye sahani yake pamoja na mbaazi za nazi, kisha wewe endelea kula chako bila kumtazama.