Anaelewa au kakariri tu?

SWALI: Habari kaka. Nabishana na rumeti wangu hapa chuo, yeye anasema kompyuta inaweza kuwa na daftari lenye majibu ya kila kitu, ukiongea nayo inachomoa tu jibu, kwa hiyo hata ikikujibu vizuri vipi haielewi chochote. Nahisi kuna sehemu ananipiga ila siioni. – Msomaji, Morogoro

JIBU: Mdogo wangu, rumeti wako hajaanza yeye. Mwanafalsafa wa Marekani, Ned Block, alishaitoa hoja hiyo 1981, akimpinga Alan Turing, mwanahisabati wa Uingereza aliyesema 1950 kwamba mashine ikijibu kama mtu basi tuhesabu inafikiri. Na kimantiki imesimama. Ila muulize hilo daftari lina kurasa ngapi, maana wanafalsafa wengi wakishasema "inawezekana" wanafunga kitabu, wakati watu wa ukokotozi (wanaochunguza hesabu za kompyuta) ndo kwanza wanauliza inakula muda gani na nafasi gani.

Piga hesabu, kila meseji inataka mstari wake kwenye daftari. Kiswahili kina herufi 24 ukitoa q na x, weka na nafasi ya kati ya maneno, 25. Meseji za herufi 100 zinazoweza kuandikwa ni namba yenye tarakimu 140, wakati atomu zote za ulimwengu unaoonekana zinakadiriwa kuwa namba ya tarakimu 80 hivi. Atakwambia nyingi ni takataka kama "kkjwd", haya, mpunguzie, kila herufi iwe na chaguzi 2 tu, halafu maongezi yafike herufi 1000 ambazo kwa sisi hata salamu haijaisha: tarakimu 302. Hilo daftari unaliweka wapi?

Sasa chukua mtoto wa darasa la nne. Tebo mpaka 12 anakariri, mistari 144, fresh. Mpe namba mbili za tarakimu 20 azidishe: kwa kukariri, mistari ni namba yenye tarakimu 40 hivi, kwa njia ya ubaoni ni vizidisho vidogo 400, jioni moja kamaliza (na makosa mawili matatu). Ongeza tarakimu moja kila upande, daftari linakua mara 100, yeye anatoka 400 anaenda 441. Ndo hapo rumeti anapokupiga: kitu kinachojibu vizuri na kinaenea kichwani au kwenye mashine hakiwezi kuwa kimekariri kila kitu, lazima kina njia.

Ila usimringie sana, atakuuliza mbona kalkuleta nayo ina njia, nayo inaelewa? Hapo hata mimi nakwama.