Kwa nini hatuioni arkegonia ya kangaga?

Swali: Nafundisha baiolojia kidato cha sita. Tumekata majani ya kangaga yenye vidoti vya kahawia upande wa chini, tukayatazama kwa hadubini, lakini hatukuona arkegonia (kiungo cha kike chenye yai) hata moja. Tunakosea wapi?

Jibu: Mwalimu, mmetafuta kwenye mmea usio wake. Vidoti hivyo ni mafungu ya vifuko vya spora, yaani chembe za uzazi, si vya kike wala vya kiume. Kangaga lenye majani halina yai popote. Yai liko kwenye prothali, kimmea kinachoota kutokana na spora: kijani, chembamba, chenye umbo la moyo, aghalabu hakifiki upana wa sentimita moja. Kitafuteni kwenye kuta zenye unyevunyevu au vyungu vya maua vilivyokaa kivulini.

Kiosheni udongo taratibu, kisha kilazeni chali kwenye slaidi, upande wenye vinywele ukiwa juu. Wengi hukilaza kifudifudi, wakaambulia ukijani mtupu. Tazameni karibu na pengo la moyo, pale paliponenepa. Mtaona vishingo vifupi vya arkegonia vimejitokeza, vimeinamia nyuma. Kila kimoja kina safu nne za seli. Tumbo lenye yai limezama ndani, halionekani vizuri bila kukata kipande chembamba cha wima. Zile zenye shingo ya kahawia zimeshazeeka; changa ndizo zilizo jirani zaidi na pengo. Viduara vilivyo nyuma, katikati ya vinywele, ni antheridia, yaani viungo vya kiume.

Mkiotesha wenyewe, msirundike spora. Katika kangaga nyingi, prothali zilizotangulia kukua hutoa kemikali inayozifanya ndogo za jirani zitoe antheridia tu, nanyi mtarudi kuniuliza swali hilihili!

Kuvumwani (moss kwa Kiingereza) ni rahisi zaidi. Arkegonia zake ziko kwenye ncha ya shina la kike, zimesimama kama chupa zenye shingo ndefu; banueni majani ya juu kwa sindano. Ila msichukue mashina yenye vikonyo vilivyobeba vifuko vya spora. Hayo yai lake limekwisha rutubishwa, na kile kikofia kinachofunika kifuko kichanga ni ukuta wa arkegonia uliochanika ukabebwa juu. Chagueni mashina ya kike yasiyo na vikonyo.