Barua kwa Mwanangu: Mgeni Asiyeweza Kurudi Kwao

Buruburu, Nairobi

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima. Sisi huku hatujambo. Jumapili uliniuliza kwenye simu jinsi kiumbe wa seli moja anavyoweza kummeza mwenzake wa kijani kisha akajipatia usanisinuru, yaani uwezo wa kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, ilhali sisi tumekula sukuma wiki miaka nenda miaka rudi bila kugeuka kijani. Nilicheka, lakini swali lenyewe ni zito.

Kumeza ndiyo sehemu rahisi. Zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, seli moja ilimmeza sianobakteria, yaani bakteria afanyaye usanisinuru, jamaa wa wale wanaoliwa na heroe wa Ziwa Nakuru, na badala ya kummeng'enya ikakaa naye. Wazao wake ndio kloroplasti, vile vijisehemu vya kijani vifanyavyo usanisinuru, zilizomo katika kila jani la sukuma wiki. Mwanabiolojia Mrusi Konstantin Mereschkowsky aliliandika wazo hilo mwaka 1905, lakini halikupata nguvu hadi mwanabiolojia Mmarekani Lynn Margulis alipolitetea upya mwaka 1967.

Kazi ngumu huja baadaye. Sianobakteria anayejitegemea ana maelfu ya jeni, ilhali kloroplasti ya mmea imebaki na 100 na ushei tu: nyingine zilipotea, na nyingi zikahamia katika kiini cha seli, ambacho sasa hutengeneza protini na kuipelekea kloroplasti, mithili ya mpangaji aliyemkabidhi mwenye nyumba jiko na sufuria, akawa anasubiri kuletewa sahani mlangoni. Kloroplasti uliyoila haina kiini hicho ndani yake, hivyo hata ingeliponyoka tumboni isingelidumu.

Safari hiyo ya mgeni kugeuka sehemu ya seli yaweza kuonekana ikiwa njiani. Hatena, kiumbe wa seli moja aliyepatikana katika mchanga wa ufuo huko Japani, hubeba mwani mmoja wa kijani. Anapogawanyika, mmoja wa mabinti wawili huurithi mwani wote, na yule mwingine hubaki bila rangi, akaota kiungo cha kulia mpaka ameze mwani wake mwenyewe. Huyo, kwa maoni yangu, ameazima tu. Paulinella, kiumbe mwingine wa seli moja aliyemmeza sianobakteria wake kivyake miaka ipatayo milioni 100 iliyopita, amefika mbali zaidi, ingawa mgeni wake bado ana jeni zaidi ya 800.

Unaikumbuka ile chupa ya maji ya kijani niliyoiweka dirishani? Yule aliyejipinda chini ya hadubini, mwenye doa jekundu, ni Yuglena, naye ni kiumbe wa seli moja. Kloroplasti yake ina tando tatu, si mbili kama za mmea, kwa kuwa babu yake hakumeza bakteria bali alimeza mwani uliokuwa umekwisha kuipata.

Hata kijidudu cha malaria iliyokulaza ukiwa darasa la nne kina masalio ya kloroplasti, yasiyo na rangi wala usanisinuru. Dawa ya doksisaiklini hukidhuru kwa kuyagonga hayo hayo, maana kijidudu hakiwezi kuyatupa: humo ndimo kinamotengenezea kemikali ambazo bila hizo hakiishi.

Mama yako