Redio gani inaifaa Beetle ya 1964?

SWALI: Habari za kazi mhariri, mzee kaniachia Volkswagen Beetle ya 1964, nimeirudishia rangi yake na viti vimeshonwa upya, sasa pale kwenye dashibodi pa redio pako wazi. Fundi anataka aongeze tundu aweke redio ya bluetuthi. Nikubali?

JIBU: Usikubali kaka! Dashibodi ya Beetle ni bati tupu, ukishalikata kulirudisha ni kuchomelea na kupiga rangi upya, hela nyingi bure. Tafuta redio ya Blaupunkt, kampuni ya Kijerumani, ya miaka hiyohiyo, zile za vitufe vitano na kinobu cha kuzungusha huku na huku, na kama unataka FM uliza modeli yao inayoitwa Frankfurt maana nyingine nyingi za wakati ule zinashika AM tu, na AM siku hizi utasikiliza nini? Ya kaseti achana nayo kabisa, kaseti za kwenye gari zilikuja 1968, gari lako lilishatoka kiwandani zamani.

Ila kabla hujalipa angalia umeme. Beetle ya 1964 ni volti 6, ukifunga redio ya volti 12 haitafanya kazi, na kama gari lilishabadilishwa kuwa volti 12 basi ya volti 6 utaiunguza. Pima betri mwenyewe kwa mita.

Ukikosa ya FM, chukua nzima ya AM, fundi redio mzuri anaweka ndani bodi ya FM, kile kibao cha umeme cha kushika FM, na sura inabaki ileile, mi ndo ningefanya hivyo.