Rangi ya chungwa iko ndani

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha darasa la awali hapa Muheza, ukutani nilikuta chati ya matunda. Nikanyoosha rula kwenye picha ya chungwa, limekolea rangi kama jua linapozama. "Hili ni tunda gani?" Darasa zima likajibu: "Nyanyaaa!"

Watoto hawa wamekulia chini ya michungwa. Wapo ambao baba zao hupakia machungwa kwenye malori ya Dar es Salaam msimu ukifika. Lakini chungwa wanalolijua wao ni la kijani, kwa sababu huku kwetu usiku hauna baridi ya kutosha kuliondolea ganda ukijani wake. Linaiva, linakuwa tamu, na bado ni la kijani. Kesho yake nikaja na kapu la machungwa na chati nikaibandua.

Siku ile nilikata moja katikati, nikawapa penseli za rangi wachore. Binti mmoja wa miaka mitano akapaka ganda kijani, akasita, akainua kalamu nyingine. "Mwalimu, kumbe rangi ya chungwa iko ndani." Mimi mwenyewe sikuwahi kuliwaza hilo.

Tangu hapo ninachowashauri walimu wenzangu na wazazi ni hiki: tunda liingie kwanza mikononi mwa mtoto, jina na picha vifuate. Na liwe tunda la msimu, linalouzwa kwa mafungu sokoni. Usimwagize mzazi epo la dukani. Kwanza ni ghali, pili kwenye chati limeandikwa "tufaha", na mtoto wa pwani ukimtajia tufaha anafikiria lile jekundu la huku kwetu, lenye umbo kama pera. Utamchanganya bure.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote linataka beseni la maji tu. Kila mtoto aseme kwanza: litaelea au litazama? Embe lililokomaa linazama, ndizi inaelea. Chungwa likiwa na ganda linaelea. Limenye kijuujuu kwa kisu kama wanavyofanya wauzaji wa stendi, ule weupe ubaki, lirudishe majini: bado linaelea. Sasa uondoe ule weupe wote kwa vidole. Linazama hadi chini! Watoto wangu walipiga kelele hadi mwalimu wa darasa la tatu akaja kuchungulia. Usikimbilie kuwaeleza. Wape ule weupe waubonyeze, wausikie ulivyo laini kama sponji. Mmoja atasema una hewa ndani, na akisema yeye wenzake wanamwamini kuliko wewe.

Chungwa hilohilo ndilo somo la hesabu. Kila mtoto ahesabu vipande vya chungwa lake. Huyu ana kumi, yule tisa, mwingine kumi na moja, na hakuna wa kunakili kwa jirani.

Pua nayo ifundishwe. Funga macho kwa kanga, sogeza pera, embe, limau. Nanasi tunalinusa kitakoni, kwa kuwa harufu tamu hapo ndiyo inayokuambia limefika. Baadaye tunategeana vitendawili vya kutunga wenyewe. Kimoja sijakisahau: "Bibi kavaa kilemba cha majani, ngozi yake ya mamba."

Hapa kwenye usalama nawaomba mnisikilize vizuri. Mwaka fulani nilileta shokishoki, nikageuka kuchukua kitambaa, na mtoto akaingiza tunda zima mdomoni, kokwa na yote. Likamkwama. Nilimwinamisha nikampiga mgongoni hadi likatoka, na mikono yangu ilitetemeka mpaka jioni. Siku hizi shokishoki na zambarau nazitoa kokwa mwenyewe kabla sijaingia darasani, zabibu nazikata kwa urefu, na watoto wanakula wakiwa wameketi. Kisu ni cha mwalimu. Embe lioshwe vizuri sehemu ya kikonyo, maana utomvu wake unababua midomo. Fenesi, paka mafuta ya kupikia mikononi na kwenye kisu kabla hujaligusa, la sivyo ulimbo utakaa nanyi siku nzima. Na waulize wazazi mapema kama kuna tunda linalomdhuru mtoto wao.

Anayekataa kuonja asilazimishwe. Nilikuwa na mvulana aliyekataa papai wiki tatu. Nilimpa kazi ya kuchota mbegu kwa kijiko na kuzianika. Wiki ya nne alilamba kijiko, kisha akaomba kipande.

Mbegu na vilemba msivitupe. Kilemba cha nanasi tulikipanda kwenye ndoo iliyotoboka, nyuma ya darasa, tukapeana zamu za kumwagilia. Nanasi halina haraka. Lilipoanza kupata rangi ya njano, waliolipanda walikuwa wamefika darasa la pili. Nikawaita wakati wa mapumziko. Walikuja sita wakikimbia, wakabishana nani alimwagilia zaidi. Yule binti wa chungwa akapiga magoti, akainamisha kichwa pembeni, akalinusa kitakoni.

"Bado, Mwalimu," akasema. "Tuliache siku mbili."