Orodha ya mistari laki moja isiyokwama

Dirisha la kuonyeshea orodha lenye kimo cha pikseli 600 na mistari ya pikseli 40 huonyesha mistari 15, au 16 kama wa juu umekatika. Ukiichora yote 100,000, inayobaki inakula kumbukumbu bure, na mpangilio ukibadilika yote hupimwa upya. Chora inayoonekana tu, pamoja na mitano ya akiba juu na mitano chini. Kwa orodha ya mistari mia mbili ya maandishi matupu, usijisumbue.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mtumiaji akishasogeza pikseli 12,000, gawa kwa 40: mstari wa juu ni namba 300, ukianzia sifuri. Ondoa akiba, anza kuchora 295, uuweke pikseli 11,800 kutoka juu. Chombo kinachoibeba orodha kipe kimo chote, pikseli 4,000,000, la sivyo upau wa kusogeza utadanganya. Vivinjari vina kikomo cha kimo, kwa hiyo orodha ya mamilioni ya mistari itahitaji kusogezwa kwa uwiano: pikseli moja ya upau isimame kwa pikseli kadhaa za orodha.

Kazi ngumu ni vimo visivyolingana. Kadiria kwanza, pima mstari ukishachorwa, hifadhi kipimo. Ulikadiria 40, ukapata 64, na mstari uko juu, nje ya dirisha? Ongeza 24 kwenye nafasi ya kusogeza katika fremu hiyohiyo, yaani mchoro uleule mmoja wa skrini. Ukichelewa hata fremu moja, orodha inaruka machoni pa mtu. Jumla za vimo ziweke kwenye mti wa Fenwick, muundo wa data unaosasisha na kutoa jumla kwa hatua chache, maana kwenye safu ya kawaida badiliko moja hulazimu kurekebisha jumla zote zinazofuata.

Ukitumia tena mistari iliyotoka nje ya dirisha, tazama tiki. Mtu anatia tiki mstari wa 3, anashuka, anaikuta kwenye wa 28. Hali ya tiki ikae kwenye data, na utambulisho uwe wa rekodi, si wa nafasi. Picha nazo: iliyoombwa kwa ajili ya rekodi iliyokuwa kwenye mstari huo awali ikichelewa kufika, itupwe.

Jaribu kwa kusogeza kwa kasi kwenye simu dhaifu. Kwenye skrini ya 60 Hz, yaani inayochorwa mara 60 kwa sekunde, una milisekunde 16.7 kwa fremu, na kuziandika tarehe au fedha kwa muundo wa kusomeka ndani ya kila mstari huzimaliza upesi. Yafanye hayo mapema.

Kwenye ukurasa wa wavuti, utafutaji wa kivinjari hautaona mistari ambayo haijachorwa, hivyo weka kisanduku chako cha kutafuta. Wanaotumia kisoma skrini nao watasikia orodha ina vipengee 25, mpaka ujaze sifa za HTML aria-setsize (idadi yote) na aria-posinset (nafasi ya kila kipengee).