Kuisimamisha Django kwenye laptopu yako bila kumaliza bando

Vijana wakiniuliza waanzie wapi kuchangia programu huria huwa nawaambia Django (programu ya Python ya kutengenezea tovuti), kwa sababu testi zake, yaani majaribio ya kuhakiki kodi, zinatumia SQLite, database ndogo ambayo inakuja na Python yenyewe, huhitaji kuwasha database wala nini.

Ila angalia toleo la Python kwanza. Ubuntu 22.04 inakuja na 3.10 na Django 6.0 inataka 3.12 kwenda juu, hapo watu wengi wanakwama wanadhani wao ndo hawajui.

Halafu kuvuta kodi (code) kwa git, na hapa ndo penye kazi kwa sisi wa bando. Django iko hadharani tangu 2005 na ukiandika git clone hivi hivi inakuletea historia yote, na mtandao ukikatika katikati haiendelei pale ilipoishia, unaanza moja, bando lililoenda limeenda. Mimi natengeneza kwanza nakala yangu ya Django (fork) kwenye GitHub, halafu navuta hivi, JINALAKO ni jina lako la GitHub:

git clone --depth 1 https://github.com/JINALAKO/django.git

Inaleta hali ya sasa tu, basi. Historia utaifuata baadaye kwa git fetch --deepen=500, vipande vipande, kila kipande kikishafika hakipotei hata umeme ukikatika, au ukipata WiFi nzuri maliza yote na git fetch --unshallow.

Tengeneza venv, yaani mazingira ya Python ya kazi hii peke yake (Ubuntu ikigoma, sakinisha python3-venv), iwashe, ingia folda ya tests uandike:

python -m pip install -e ..

Zile nukta mbili ni folda ya juu yake, na -e maana yake ukibadilisha kodi inafanya kazi hapo hapo bila kusakinisha tena. Maelekezo ya Django yatakwambia pia usakinishe requirements/py3.txt, lakini yale ni ya hiari jamani, kifurushi kisipokuwepo testi zake zinarukwa tu, kwahiyo kama bando ni dogo yaache mpaka utakapoyahitaji.

Sasa kabla hujagusa hata mstari mmoja endesha testi. Zote ni zaidi ya 10,000 kwahiyo anza na sehemu unayotaka kuifanyia kazi, mfano ./runtests.py forms_tests, na laptopu ikilemewa ongeza --parallel=1. Ukiona s usihangaike, hiyo imerukwa. Ukiona F (testi imefeli) au E (imepata hitilafu) kwenye kodi ambayo hujaigusa usiendelee, tafuta sababu kwanza, maana baadaye hutajua kosa ni lako au lilikuwepo, na hapo utapoteza siku nzima bure.

Na kwa wanaotaka kurekebisha Kiswahili cha Django, kipo django/conf/locale/sw, ila tafsiri hazitumwi kwa pull request (ombi la kuingiza mabadiliko yako) kama kodi, zinapita Transifex, tovuti ya kutafsiria programu, kwahiyo kwa hiyo kazi unahitaji brauza tu na akaunti.